Vijana Waliokataa Kutupa Gongo

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kana kwamba vumbi la uwanja wa Kaloleni bado liko kwenye koti langu. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa nimerudi kutoka Amerika na diploma yangu. Sikupelekwa na mtu. Nauli niliitafuta mwenyewe kwa kahawa ya Machame, na huko ugenini nilijisomesha kwa kuosha vyombo. Ukitaka kuiona diploma, iko ukutani pale.

Kule niliwahi kutazama besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ya wachezaji wa kulipwa. Timu moja ilichapwa mpaka mashabiki wake wakaondoka kabla ya mwisho. Nilidhani sitaona tena aibu ya namna ile.

Nikafungua darasa la jioni Ngarenaro kwa vijana wa Kiarusha kutoka mlimani. Wazazi hawakuniamini. Mzee Loishiye, baba wa Lemburis, mwanafunzi wangu bora, aliniambia wazi: "Ukimfanya mwanangu kichekesho mbele ya watu, namrudisha kwenye ng'ombe. Na wenzake watamfuata."

Nikamwambia asubiri aone. Nikawafundisha besiboli, nikawaalika vijana wa Kihindi na Kisingasinga wa mjini, wacheza kriketi, tushindane nao. Wangu walikuwa wamezoea rungu tangu utotoni; mpira waliupiga ukapotea kwenye mahindi. Mazoezi yetu yakawa ya kupiga na kudaka tu. Kwamba ukishapiga unaacha gongo na kukimbia kuzunguka uwanja, nilieleza kwa mdomo. Nani asiyejua kukimbia?

Siku ya mchezo Lemburis akaupiga mpira mbali sana. Kisha akasimama.

"Tupa gongo! Kimbia!" nikapiga kelele.

Akanigeukia kwa mshangao. "Mwalimu, nitupe gongo nikimbie, na mama yangu yuko pale ananitazama?"

Sikuamini masikio yangu. Wa pili akapiga, akasimama. Wa tatu vilevile. Wenzetu waliokota mpira kwa raha zao, na zamu yao ya kupiga ikifika wakakimbia watakavyo. Walifika pointi thelathini, sisi hatuna hata moja.

"Wamwagilieni maji hao, wameota mizizi!" mtu mmoja akapaza sauti, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mzee Loishiye akaja taratibu. Nikajua darasa langu limekwisha.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Unamwambia mwanangu atupe silaha, akimbie watu wanaomfukuza. Ulimuuliza nani?"

"Ni mchezo tu, mzee."

"Kwako wewe."

Hilo sikuwa nimelifikiria, mwanangu. Mimi, niliyevuka bahari! Ndipo nikapitia sheria za mchezo kichwani, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja inayosema lazima gongo liachwe.

"Lemburis! Kimbia nalo! Liinue juu!"

Nilitazamia ugomvi, lakini Harbans, nahodha wao, alicheka tu. "Mwache, Mwalimu! Sisi kwenye kriketi tunakimbia nalo kila siku!"

Zamu yake ilipofika tena, Lemburis akapiga. Akainua gongo juu ya kichwa, akazunguka uwanja akinguruma, na wadakaji wakampisha njia huku mpira wameushika mkononi. Tukapata pointi moja. Moja kwa thelathini! Lakini mama yake alianza kuimba, na wanawake wote wa mlimani wakaitikia kana kwamba tumeshinda vita.

Mzee Loishiye akanijia tena.

"Marahaba," akasema. "Jumatatu atakuja darasani."

Basi, mwanangu, diploma itafute, tena kwa jasho lako kama mimi, na ukiipata itundike mahali wageni wataiona. Lakini kabla hujamfundisha mtu jambo, muulize jambo hilo kwao lina maana gani. Usidhani kuna kitu kidogo mno cha kuuliza, hata kukimbia. Mungu akuzidishie elimu, aubariki mkono wako, na kila utakapomwamkia mzee, akujalie uitikiwe.