Nimemaliza askari elfu sita wa binti yangu, lawama imemwangukia mchumba wake

Admin, naomba jina langu lisionekane, mengine yaache kama yalivyo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi Mlabani hapa Ifakara na mume wangu na binti yetu wa mwisho. Shule niliishia darasa la nne, nikikosea kuandika mnivumilie. Jambo langu linahusu gemu la kwenye simu. Najua mtacheka, ila naomba msicheke mpaka mfike mwisho.

Binti yangu ana miaka ishirini na nne, nitamwita Neema. Ana gemu lake la vita, unajenga ngome, unalea askari, mnapigana kwa makundi. Kundi lao lina watu kama arobaini, wengine wako Mwanza, wengine hata Kenya, na yeye ndiye alikuwa kamanda. Wanaume wazima wanamwita kamanda! Huko huko ndiko alikompata mchumba. Miezi mingi wanapigana vita pamoja, kumbe mwenzake yuko Namawala hapo tu, analima mpunga kama sisi. Kijana mpole. Barua ya posa ilishaletwa, na Jumapili hii wazee wake wanatoka Mahenge kuja kuchukua jibu.

Wiki mbili zilizopita Neema alikwenda Michenga shambani kuamia ndege, maana mpunga umeiva na kwelea kwelea wakishuka hawabakizi kitu. Kule mtandao ni wa shida na majaruba yana maji, akaogopa kuangusha simu yake kubwa. Akaondoka na kitochi, ile kubwa akaniachia mimi.

Mjue kwamba miaka mitatu nyuma niliwahi kusoma meseji zake nikampelekea baba yake. Neema alihama, akakaa kwa shangazi yake nusu mwaka hata salamu hanipi. Aliporudi akasema, "Nimekusamehe mama, lakini simu yangu usiiguse tena." Kwa hiyo aliponikabidhi mwenyewe, na namba ya kuifungua akanitajia, nusura nilie. Akanionyesha kitu kimoja tu. "Kila asubuhi bonyeza hapa, askari wapate kula. Kingine usiguse, mama yangu." Nikamwambia, "Sawa kamanda," tukacheka.

Siku ya tatu, mchana, simu ikaanza kulia mfululizo. Kundi linaita. "Kamanda uko wapi? Tuko langoni kwao, tuma watu!" Mwingine anasema, "Kamanda yuko jikoni anasonga ugali, leo tumekwisha." Nampigia Neema, hapatikani. Nikaona aibu, mwanangu anadharauliwa hivyo halafu mimi nakaa kimya? Pa kubonyeza nilipajua, nilishamchungulia akicheza. Gemu likauliza natuma wangapi kati ya elfu sita.

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi nimekua tukivuka Mto Kilombero kwa mtumbwi, kabla ya daraja. Baba hakuwahi kutupandisha wote kwa pamoja. Wanavuka wawili, wengine wanangoja ng'ambo hii, ili mtumbwi ukizama nyumba isiishe. Nikasema siwezi kupeleka watoto wa watu wote mara moja. Nikatuma mia tano. Wakafa wote. Nikatuma mia tano tena, nikifikiri adui sasa amechoka. Wakafa. Nimetuma mara kumi na mbili, ndugu zangu. Kambi ikabaki tupu. Nikaifungia simu kabatini, nikaenda kuchambua mchicha.

Neema aliporudi na kuifungua simu alipiga yowe mpaka jirani akaja. Akanieleza huku analia, "Mama, adui walikuwa elfu nne tu. Elfu sita wangekwenda pamoja, wangekufa kama elfu moja na nusu, ngome tungeichukua. Wachache wakikutana na wengi wanapigwa kila upande, wanakwisha kabla hawajaumiza mtu. Huyu amewagawa makusudi. Hata mtoto mdogo hakosei hivi!"

Nikauliza, "Nani?"

"Nani mwingine? Wewe unajua kulisha tu. Ni yeye niliyempa namba ya siri ya gemu, anaingia kwa simu yake, na kila siku ananitania atanipindua."

Kundi likamvua ukamanda. Wakamchagua nani? Huyo huyo kijana.

Jumamosi iliyopita alikuja nyumbani. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu." Hakukaa. Akasema, "Mama, haki ya Mungu sijagusa. Nimeangalia, aliyetuma anatuma mia tano, anatulia, anatuma tena, kama mtu mwenye huruma. Hivi simu alimwachia nani?"

Nikamjibu, "Ilikuwa kabatini, naitoa asubuhi tu kulisha askari."

Neema alikuwa mlangoni. "Umesikia? Nenda kaongoze jeshi lako, kamanda mpya." Kijana akaniangalia mimi, si Neema. Akasema, "Sawa mama," akachukua baiskeli yake.

Tangu siku hiyo sijapokea komunyo. Mume wangu anasema ugomvi wa gemu utapita, lakini haupiti. Neema anasema Jumapili atawarudishia wazee barua yao mkononi. Nikisema ukweli, kijana atapona, ila mwanangu atajua nimegusa simu, tena nimedanganya mbele yake, na safari hii akihama harudi. Nikinyamaza atabaki kwangu, na kila nikimwona amekaa peke yake nitajua ni mimi.

Na kuna kitu sijawaambia. Neema anausoma ukurasa huu kila siku, yeye ndiye aliyenifundisha kuufungua. Majina nimebadilisha, lakini hii akiiona atajua. Sasa hivi yuko uani anapepeta mchele, ameniuliza mara mbili naandika nini, nimemjibu nasoma tu. Mama zangu, dada zangu, nishaurini leo hii. Nitoke nimwambie kwa mdomo wangu, au nimwache aikute hapa?