KMZ Siyo Kamuzora

Nakiri nilijiaibisha, lakini leo nacheka. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu Kamuzora aling'oa miramura, ile mimea ya kuonyesha mpaka, akaipanda upya ndani ya kibanja changu, hapahapa Ihanda. Nikamshtaki kijijini. Mpimaji aliyetupimia zamani, mume wangu akiwa hai, akanitumia ramani kwenye simu.

Nikaigusa, haikufunguka. Nikaigusa tena, wapi! Chini imeandikwa KIBANJA.KMZ. Mimi niliishia darasa la nne, ila magunia ya kahawa ya Kamuzora nayajua, yote yameandikwa KMZ. Nikasema, huyu sasa kaniingilia mpaka kwenye simu.

Kikaoni nikasimama. "Mwizi huyu kaandika jina lake kwenye ramani yangu, kaifunga!"

"Shemeji, mimi mwenyewe natumia kitochi, simu ya vitufe tu," akajibu Kamuzora. Watu wakacheka.

Mtendaji wetu, Jeneroza, akaichukua simu. "Mama, KMZ ni aina ya faili la ramani. Linataka programu yake tu." Akaipakua. Watu wakashika mbavu, mimi nikajifunika kitenge usoni.

Ramani ikafunguka. Jeneroza akaikuza, akawaonyesha watu mstari wa mpaka juu ya picha ya kijiji chetu iliyopigwa kutoka angani, kisha akamgeukia shemeji.

"Kamuzora, mama kakusingizia. Kwenye faili haumo. Ila kwenye kibanja chake umo, wewe, jiko lako na migomba yako yote."

Nikatoa kitenge usoni, nikapiga vigelegele peke yangu.