Dakika Kumi na Moja Nyuma ya Bango

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi. Verdia Stokes anavua hereni ya sikio la kulia, anavaa hedifoni, na kuanza kuwasomea watu wa mji wake majina ya waliofariki wiki hii.

Anasoma bila haraka. Jina, umri, kanisa, watoto walioachwa, siku ya mazishi. Ana miaka 77 na hakosei jina la mtu, kwa sababu kabla ya kuingia hewani huwapigia simu wafiwa mmoja mmoja kuuliza linavyotamkwa.

"Bi Verdia, siku yako ikifika nani atakusoma?" anamtania fundi mitambo, Cleotha Banks, matangazo ya biashara yanapopigwa.

"Nitajirekodi mapema. Wewe sikuamini, utanipa miaka tisini."

Redio hii ndogo ya nyimbo za injili, katika mji mmoja wa jimbo la Mississippi, humlipa dola 40 kwa kipindi. Wengi wanaomsikiliza asubuhi walimtazama jioni wakiwa watoto. Verdia ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kusoma taarifa ya habari kwenye televisheni ya mji huo. Ilikuwa Septemba 1972, akiwa na miaka 24.

Alilipwa dola 90 kwa wiki. Mwanamume mweupe aliyeketi kando yake kusoma habari za michezo alilipwa 150. Barua za matusi zilikuja kila siku, nyingine zikiwa na mambo yasiyoandikika gazetini. Hayo yote aliyajua. Alikaza roho, akaifanya kazi hiyo miaka 31.

Asilolijua lilimjia Machi mwaka huu, likiletwa na mzee mweupe wa miaka 85 aliyeshika kofia mkononi.

Jina lake ni Dale Huckaby. Zamani alikuwa fundi wa mnara uliorusha matangazo ya kituo hicho cha televisheni kwenda Kaunti ya Attoway, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Mkewe alifariki Januari, na alisema hataki kumfuata akiwa na jambo hili kifuani. Aliombwa aketi, akakataa.

Alifungua daftari la kazi la mwaka 1972 na 1973. Kila siku, kwa mwandiko wake: saa 12:02 jioni, bango limewekwa, saa 12:13, bango limeondolewa. Bango hilo lilifunika kioo cha televisheni wakati Verdia akisoma, likiwa na maneno ya kuomba radhi kwa hitilafu ya mitambo. Hitilafu haikuwapo. Wakubwa wa mashamba ya Attoway hawakutaka kumwona mwanamke mweusi akiwasomea habari, na bosi wa kituo akapiga simu mnarani.

Miezi kumi na moja. Siku mbili tu bango halikuwekwa, mwezi wa Februari. Verdia alizikumbuka. Alikuwa kitandani na homa, na mwanamume mweupe akasoma badala yake.

"Nikamuuliza tena ni kaunti gani. Nilitaka ajikanganye," anasema Verdia.

Hakujikanganya. Attoway ndiko alikozaliwa Verdia, na ndiko mama yake, Odessa, alikoishi mpaka alipofariki mwaka 1989. Na Odessa alimwona mwanawe kila jioni. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema.

Saa kumi alasiri simu ya ofisini ingelia, mama akiuliza, "Leo umevaa nini?" Wenzake walikuwa wakicheka. Saa kumi na mbili na nusu ingelia tena: "Nimekuona, mwanangu. Lile la kijani limekukaa. Ila usiinamishe kichwa." Verdia anasema maneno hayo ndiyo yaliyomtoa kitandani asubuhi, si zile dola tisini.

Jumapili iliyofuata aliendesha gari hadi Attoway, kwa Mama Ola Pruitt, jirani wa mama yake. Mama Ola ana miaka 93 na macho yake hayaoni tena. Alimkuta barazani akimenya kunde kwa kupapasa.

"Mama Ola, mama aliwahi kuniona kwenye televisheni mwaka ule wa kwanza?"

Mikono ya bibi ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Aliyekuwa akiweka bango."

"Bado yu hai?"

"Yu hai."

"Haya. Mungu ana subira kunishinda mimi."

Akasimulia. Siku ya kwanza Odessa aliwaalika akina mama wote wa kanisa, akaoka pai mbili za viazi vitamu. Walikuja na kofia zao za Jumapili. Bango likatokea. Siku ya pili walisema ni bahati mbaya. Siku ya tatu hakuna aliyehitaji kuelezwa, na mmoja akainuka kuzima televisheni.

"Odessa akamwambia, 'Keti. Mwanangu anaongea. Mtu akiongea hazimwi.' Tukakaa tukitazama yale maandishi mpaka dakika zikaisha. Wenzetu walichoka. Sisi wawili hatukukosa hata siku moja. Kisha anakwenda kwenye simu anakusifia gauni."

"Mbona hakuniambia?"

"Ungefanyaje? Si ungewavaa mabosi wako, unga ukamwagika siku hiyohiyo? Alisema, 'Hao wanataka aondoke. Nikimwambia, nimewafanyia kazi yao.' Na wewe ulikuwa na mdomo, mtoto."

"Bado ninao."

"Nausikia."

Njiani kurudi Verdia alisimamisha gari kando ya shamba la pamba akalia. Anakiri kwamba kwanza alimkasirikia marehemu. Kisha akakumbuka jioni moja ya Agosti 1973, mama alipopiga simu baada ya taarifa ya habari na kulia tu, bila kusema kitu. Verdia alidhani kuna msiba. Mama akasingizia vitunguu. Katika daftari la Huckaby, ndiyo siku ya kwanza baada ya bosi mpya kufuta amri ile.

Nakala za taarifa zake zote amezihifadhi ndani ya boksi la kofia. Jumapili ya pili ya Agosti, waliohama Attoway watakaporudi nyumbani kama kila mwaka, ataweka meza mbele ya mimbari ya kanisa la mama yake. Saa 12:02 jioni ataanza kusoma taarifa yake ya kwanza, yote, pamoja na bei ya pamba ya mwaka 1972. Huckaby ameomba kuhudhuria. Hajamjibu.

Amempigia Mama Ola kumpa habari hizo. Kwenye simu zilisikika kunde tu zikidondoka bakulini.

"Mama Ola, upo?"

"Nipo. Siku hiyo utavaa nini?"