Vikombe Vitatu vya Balungi

Mwezi wa tano ulipoingia, Lomalanga Tsabedze alianza kuiogopa miguu yake mwenyewe.

Si kwamba ilikuwa na kidonda, wala haikuvimba. Ukiitazama ni miguu tu, ya mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyesimama misimu kumi na tisa kwenye banda la kufungashia mabalungi, huku kwetu bondeni Eswatini, ambako matunda hayo ni mengi mpaka ng'ombe wameyakinai. Lakini asubuhi akitaka kutoka kitandani, mapaja yalimgomea. Yaliuma kwa ndani, kwenye nyama, kama ya mtu aliyelima shamba zima jana yake, na yeye jana hakulima chochote. Ilibidi akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ashike ukuta, ajihesabie moja, mbili, tatu. Na kila asubuhi wazo lilikuwa lile lile: limekuja. Lililompata Zodvwa limenifikia na mimi.

Zodvwa ni dada yake mkubwa. Alikuwa mwanamke wa maneno, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, na akikutania utatafuta pa kujificha. Miaka miwili iliyopita alianguka uani akianika nguo. Kiharusi. Tangu siku hiyo upande wa kulia haufanyi kazi, na mdomoni limembakia neno moja tu: hapana. Ukimpa ugali, hapana, na anakula. Ukimfunika blanketi, hapana, na analala. Ukimuuliza kama anampenda mdogo wake, hapana, na machozi yanamtiririka. Nyumbani wakazoea. Neno likawa halina maana tena, wakawa hata hawalisikii.

Daktari alisema chanzo ni mafuta kwenye damu, akataka na ndugu wapimwe. Lomalanga akajivuta, mara kazi, mara mvua, mpaka Januari ya mwaka huu ndipo akapimwa, akakutwa nayo. Akapewa vidonge vile vile anavyomeza Zodvwa, kimoja kila jioni. Alivipokea kwa mikono miwili na hakuruka hata siku moja. Aliyemwona Zodvwa pale chini, na kamba ya nguo mkononi, haruki.

Juu ya kidonge akaongeza balungi, na hapo ndipo sisi watu wa bandani tunapojifanya madaktari. Tunda lenye kovu au umbo baya haliendi ng'ambo. Linatupwa kwenye kreti la pembeni, na jioni kila mwanamke anafunga ya kwake kwenye shuka alilojitanda. Na kila mtu pale anajua, hata mimi nilikuwa najua, kwamba uchungu wa balungi unayeyusha mafuta. Si unaona likisuguliwa kwenye sufuria yenye mafuta linavyoitakatisha? Basi tukasema na damu ni hivyo hivyo. Msimu ulipoanza mwishoni mwa Aprili, Lomalanga akawa anakamua kikombe cha asubuhi na kikombe cha jioni cha kusukumia kidonge. Zodvwa naye alikuwa na viwili vyake, kama msimu wa mwaka jana. Cha adhuhuri alinyweshwa na Bibi LaMaseko, shangazi wa marehemu mume wa Lomalanga, anayekaa nyumba ya pili uani hapo hapo.

Maumivu yalipozidi, Lomalanga aliongeza kikombe cha tatu.

Kazini alificha. Lakini mfiche Tengetile kama unaweza! Huyo anasimama naye bega kwa bega kwenye mkanda unaopitisha matunda, na macho yake hayajawahi kuwa kwenye matunda peke yake.

"Mama Tsabedze, leo unatembea kama bibi harusi aliyebanwa na viatu."

"Ni viatu vipya."

"Hivyo viatu nimevijua kabla sijamjua mume wangu."

Wanawake wakaangua kicheko, na Lomalanga akacheka nao, huku vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo wa meza. Kazi aliiogopea, ndiyo, maana asiposimama hana mshahara na Zodvwa hana wa kumlisha. Lakini hofu kubwa haikuwa hiyo. Aliogopa kwamba siku moja atafungua mdomo na kukuta limebaki neno moja. Kila alipokwenda chooni alijisemesha peke yake, akitaja siku za wiki, akitaja majina ya wanawe wawili walioko Johannesburg, ili ahakikishe ulimi bado unamtii. Kliniki hakutaka kwenda. Akienda watasema dawa haimkubali, watamnyang'anya vidonge, na bila vidonge ataanguka uani kama dada yake.

Jumapili alimpelekea Bibi LaMaseko chakula. Kwetu mwanamke hampi mkubwa sahani akiwa wima, kwa hiyo alipiga magoti, akainamisha kichwa, akatoa sahani kwa mikono miwili. Kwenda chini alikwenda. Kurudi juu, mapaja yakakataa katakata.

"Inuka basi mwanangu, chakula nimekipata."

"Nainuka, Bibi."

Hakuinuka. Alijaribu mara ya pili, akashika mguu wa kiti, jasho likamtoka na huku ni baridi. Bibi kizee aliweka sahani pembeni bila kuonja.

"Na wewe?" aliuliza.

Lomalanga alitambaa mpaka mlangoni, akajivuta kwa kushika fremu, na usiku ule hakulala. Asubuhi ya Jumatatu mkojo wake ulitoka rangi ya chai ya rangi, nyeusi kabisa. Alikaa mle chooni anataja siku za wiki. Ndipo akaona heri anyang'anywe vidonge kuliko kufa akiwa amevishika.

Kliniki ya karibu na shamba ina nesi mmoja, Gamedze, msichana wa milimani aliyehamishiwa kwetu mwaka huu. Lomalanga alimbebea mfuko wa matunda, maana mtu haendi kwa mtu mikono mitupu hata kama anakwenda kuambiwa anakufa.

"Nesi, nisikilize mpaka mwisho kwanza, halafu usininyang'anye dawa."

Akaeleza yote, miguu, magoti, mkojo. Nesi aliandika.

"Kuna dawa nyingine unatumia, mama? Mitishamba? Maji ya maombi ya kanisani?"

"Hakuna. Ni hicho kidonge tu."

Wala hakudanganya. Balungi ni chakula, nani analiita dawa?

"Na humo mfukoni?"

"Mabalungi, nimekuletea. Ule mwanangu, yanasafisha damu. Mimi nakunywa vikombe vitatu kwa siku, bila hayo saa hizi ningekuwa chini kama dada yangu."

Nesi aliacha kuandika. Aliweka kalamu mezani na kumtazama.

"Vitatu? Kila siku?"

"Hata siku za mvua."

"Mama, sikiliza. Hiki kidonge mwili unakivunja kidogo kidogo mpaka kinaisha. Balungi linauzuia mwili kukivunja. Kwa hiyo cha leo kinakikuta cha jana kimekaa, na cha juzi kimekaa. Dawa ikijaa hivyo inakula nyama ya miguu, na uchafu wake unashukia kwenye figo. Huo ndio mkojo uliouona."

"Kwa hiyo si kiharusi?"

"Si kiharusi. Leo kidonge humezi, balungi huligusi, na gari linakupeleka hospitali sasa hivi wakaangalie damu na figo. Dawa za mafuta ziko za aina nyingi, daktari atakutafutia nyingine. Hutaachwa hivi hivi."

Lomalanga alifunika uso kwa shuka akalia kwa raha. Hakulia sana. Katikati ya kilio alinyamaza ghafla, na nesi akadhani amezidiwa.

"Nesi. Vidonge vya Zodvwa ni hivi hivi."

"Dada yako? Na yeye anakunywa?"

"Mimi ndiye ninayemkamulia."

Kumbukumbu ilimjia yote kwa mkupuo. Mwaka jana, mwezi huu huu wa tano, Zodvwa alianza kulia akigeuzwa kitandani. Wakasema ni baridi, baridi inapenda upande uliokufa. Lomalanga akanunua blanketi la pili. Akanunua na mafuta ya kuchua, na kila jioni alimkanda mapaja kwa nguvu zake zote, yote mawili, huku Zodvwa akisema hapana, hapana, hapana, na yeye akimwambia vumilia dada, ni kwa faida yako. Msimu ulipoisha Zodvwa alitulia. Wakasema joto limemsaidia. Na mwaka huu ameanza tena.

Ilikuwa saa sita kasoro. Alimwomba nesi gari lipitie nyumbani kwanza. Nesi alipanda naye, na njia nzima Lomalanga alishika mlango.

Bibi LaMaseko alikuwa ameshakaa kando ya kitanda, kikombe kiko mdomoni kwa Zodvwa.

"Hapana," alikuwa anasema Zodvwa.

"Bibi, usimpe."

Alikichukua kikombe akakimwaga nje. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, bila kujali atainukaje, akautafuta mkono wa kushoto wa dada yake, ule mzima.

"Dada, neno lako liache kwanza. Kama ni ndiyo, nibane mkono. Miguu inauma?"

"Hapana," alisema Zodvwa, na mkono ukabana.

"Kwa ndani? Kwenye nyama?"

"Hapana." Ukabana tena.

Lomalanga alitamani aishie hapo. Swali lililobaki alilijua, na aliliogopa kuliko alivyoogopa kiharusi tangu mwezi uanze. Nesi alikuwa amesimama mlangoni, anamsubiri.

"Na mwaka jana," alisema, "nilipokuwa nakukanda?"

Zodvwa alimtazama, na safari hii hakusema neno lake. Alibana mkono wa mdogo wake, akaendelea kuubana mpaka dereva alipoingia kuwabeba wote wawili.