Milinganyo ya Mwalimu Shigela

Mwaka 1997 Mboni, mpiga chapa wa chuo kimoja Mwanza, alikabidhiwa kompyuta mpya na daftari la hesabu la Mwalimu Shigela, lililoandikwa kwa mkono. Nusrat, mwanachuo mwenye uoni hafifu, hakuweza kulisoma. Mboni hakujua hesabu. Alichapa alama moja moja, ziwa likimeremeta dirishani, hata akaona kama vipeo na mabano vinaelea juu ya maji. Kisha akakuza herufi mpaka zikajaa kioo.

Nusrat, aliyeketi kando yake, akasogeza uso karibu na kioo.

"Dada Mboni, kumbe hapa pana alama ya kutoa!"

"Ilikuwepo siku zote, mdogo wangu."

Nusrat akacheka, akashika kalamu, akakokotoa mpaka jibu likatoka. Mboni akahisi yumo ndotoni.