Siku Niliyotaka Kumuoza Bwana Harusi

Aibu hii nimeificha vya kutosha. Waliokuwepo sebuleni kwetu Kariakoo siku ya posa ni hawa: mimi Bi Tatu, bibi yake Zuhura mwenye kuposwa, wifi yangu Mwajuma, ambaye kwa kucheka hajambo, na kwa upande wa mposaji Idrisa, muuza viatu vya mitumba Mchikichini, baba yake mkubwa Mzee Shomari na shangazi yake Bi Sikudhani (pua yake kazi yake kunusa makosa). Zuhura alikuwa chumbani nyuma ya pazia, masikio yote nje.

Sasa, Zuhura alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne, na mwezi mzima napika huku nasomewa Kiingereza cha kugeuza maswali. "Hu broku dha kapu", nani kavunja kikombe, ukiligeuza linakuwa "Bai humu wozi dha kapu brokeni", kikombe kimevunjwa na nani. (Wiki nzima nilidhani Bai Humu ni mtu, nikamhurumia, maana kila kilichovunjwa, kilicholiwa, kilichoibwa, ni yeye.) Zuhura akanielewesha, nami wa darasa la tatu nikajiona profesa.

Posa ikapokelewa, mahari ikatajwa, ikabaki tarehe. Mwenye akili zake angeuliza, "Idrisa atamuoa Zuhura lini?" watu wakanywa juisi wakaenda zao. Mimi nikaona hilo swali la kishamba, ngoja niligeuze wajue nyumba hii imesoma, nikavuta mtandio, nikasema kwa sauti ya redio:

"Na je, Idrisa ataolewa na Zuhura lini?"

Na tulishakubaliana chinichini kwamba maharusi waanzie chumba chetu cha uani, kodi za mjini mnazijua, na hilo la mwanamume kukaa ukweni ndilo lililokuwa linawauma wenzetu.

"Ataolewa?" Bi Sikudhani akapiga makofi. "Kaka, si nilikwambia? Haya, tumtie na hina kabisa!"

"Bi Tatu," Mzee Shomari akachukua kofia yake, "kijana wetu ana ndevu."

"Jamani, hicho ni Kiingereza!"

Nyuma ya pazia mtu akapaza sauti: "Bibi! Umegeuza kitenzi, majina hujayahamisha!"

Mwajuma akaanguka mkekani kwa kicheko, wageni wakaondoka, juisi haijaguswa. Zuhura alilia siku tatu. Siku ya nne Mzee Shomari akarudi: ndoa ipo, lakini Idrisa kaapa chumba cha uani hatalala, kapanga chumba Mbagala, asije akaolewa kweli.

Basi wameoana, na Kiingereza Zuhura kafaulu, hongera yake. Chumba cha uani kinalaliwa na magunia ya mkaa, nami napika hakuna wa kuniuliza nani kavunja kikombe. Swali sigeuzi tena, hata la bei ya nyanya. Juisi nadhani ilikuwa ya ukwaju. Kama ilikuwa ubuyu, Mwajuma, nisahihishe, na mwingine aliyekuwepo anisahihishe nilipokosea. Ila mkiuliza mjukuu wangu kahamishwa na nani, ni mimi, hapo msinisahihishe, wala msimsingizie Bai Humu.