Kasuku wa Chumba cha Picha

Hospitalini walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliendesha mashine ya kupiga picha za ubongo wa watoto, peke yake nyuma ya kioo, na mtoto akitikisika picha inaharibika. Basi kila kelele za mashine zilipotulia, alibonyeza kitufe cha maikrofoni na kusimulia vituko vya chura mvivu. Nyumbani, tangu mkewe afariki, hata redio hakuiwasha.

Siku moja alilazwa mashineni binti mdogo mwenye kifafa kisichosikia dawa, mama yake akimshika mguu. Picha ya kwanza ilipotokea, Kasuku aliinamia skrini. Upande mmoja wa ubongo ulikuwa mkubwa kuliko mwenzake, na palipotakiwa kuwa na mikunjo palikuwa laini kama yai lililomenywa. Hali ile aliijua kwa kitabu tu. Kutoa majibu ni kazi ya daktari, lakini kama angenyamaza ghafla, mama angeelewa kuna jambo baya. Akabonyeza kitufe, akacheka, chura akaendelea na uvivu wake.

Walipokwisha kuvaa, mama alikuja kumshika mikono yote miwili.

“Kaka yangu, nilikuja roho mkononi. Nilipokusikia unacheka na picha ziko mbele yako, nikajua mwanangu hana neno.”

“Daktari atawaeleza, dada.”

“Atanieleza nini tena? Baba yake nimeshampigia simu, analia kwa furaha.”

Mtoto aliyefuata alilala mashineni akisubiri hadithi. Kasuku aliweka kidole juu ya kitufe, asikibonyeze.